Dada Yangu Aliyeitwa Kompyuta

Kompyuta ya kwanza niliyoiona maishani mwangu ilinuka popo. Afisi ya mwalimu mkuu wa skuli yetu, pale Shumba, ilikuwa na dari ya mbao zilizoachana, na juu yake popo walikaa vizazi kwa vizazi, wakaiachia afisi nzima ukali ule unaokaba koo. Siku sanduku lilipofunguliwa ilitoka ndani yake harufu ya plastiki mpya, safi na ngeni, kama ya mahali ambapo hakuna vumbi wala jasho. Kwa muda mfupi harufu mbili zilipigana hewani, kisha popo wakashinda. Tulijazana madirishani, tukipandana mabegani, ushungi wangu umeshikwa na msumari wa fremu, nami sikuthubutu kujinasua nisije nikapoteza nafasi yangu. Waliiweka juu ya meza: kioo chenye kisogo kikubwa, kibao cha herufi, na kidude kidogo chenye mkia ambacho walimu walikiita panya. Jenereta ya kuazima ikapiga kelele uani. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha buluu, yakatokea maandishi meupe ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma, maana mafuta yalikwisha papo hapo na kioo kikazimika. Mwalimu mkuu aliifunika kwa kitambaa cha kutarizi alichokitoa kwake, na kwa mwaka mzima uliofuata haikufunuliwa tena.

Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Mashine ilitolewa na wageni waliopita kwa gari, wakapiga picha, wakaondoka, na nadhani hakuna aliyewauliza itakula nini. Lakini Mwalimu Kombo, kijana mrefu aliyetoka Wete kuja kutufundisha hisabati, alikuwa amesomea kompyuta miezi mitatu mjini, na hakukubali elimu ile imuozee kichwani. Alianzisha darasa la Jumamosi asubuhi, aje mwenye kutaka. Alituchorea kompyuta ubaoni kwa chaki, sehemu moja moja, nasi tukaichora kwenye madaftari yetu. Kisha akatupa maana yake, na tukaihifadhi kama tulivyohifadhi sura za msahafu chuoni, kwa sauti moja, tukiyumba: kompyuta ni mashine inayopokea taarifa, ikazichakata, ikazihifadhi, ikazitoa. Sauti zetu zilipita juu ya migomba mpaka barabarani. Kina mama waliokuwa wakirudi na kuni walisimama kusikiliza, wakidhani ni dua ya kuombea mvua. Hakuna aliyewahi kuigusa, ila tuliijua kwa moyo kama mtu anavyoijua pepo.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilikwenda Jumamosi zile kwa sababu dada yangu Zuwena alikwenda. Yeye alikuwa kidato cha pili, ana miaka kumi na sita. Hakuwa mzuri wa sura wala hodari wa jikoni, na mama alimwambia hivyo bila kuficha. Lakini kichwa chake kilikuwa na kitu ambacho hata baba, mkulima wa muhogo asiyesifu mtu, alikiogopa kidogo. Ukimtajia tarehe, alikwambia itaangukia siku gani. Ukimwaga mbaazi ungoni, aliziangalia mara moja akakutajia idadi, nasi tulizihesabu moja moja kwa hasira tukitafuta kosa, tusilipate. Alikuwa akihesabu kama wengine wanavyoguna nyimbo, bila kujijua, akiwa anafagia uwanja au ananisuka nywele. Nilijua anafurahi nikisikia midomo yake ikitembea juu ya kichwa changu na namba zikiniangukia utosini.

Zuwena ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wengine hatukulifikiria. Tulipokwisha kukariri siku moja, alisimama akasema, "Mwalimu, tumejua inafanya nini. Lakini jina lenyewe, kompyuta, lina maana gani?" Mwalimu Kombo alicheka. Alisema asiyejua maana haambiwi maana, darasa likacheka naye, kisha akakiri kwamba hata yeye hajui na akaomba apewe wiki moja. Jumamosi iliyofuata alikuja na kikaratasi. Alituambia kwamba neno hilo linatokana na kuhesabu. Kompyuta ni mwenye kuhesabu. Wataalamu wetu wa lugha wametunga neno tarakilishi, akaliandika ubaoni, na akatuonyesha tarakimu iliyojificha ndani yake. Kisha akasema jambo lililomfanya Zuwena ainuke tena kutoka sakafuni.

"Zamani, kabla mashine haijaundwa, kompyuta alikuwa mtu. Ilikuwa ni kazi, kama ukunga au ualimu. Watu walikaa mezani kutwa wakifanya hesabu za nyota na za bahari. Na wengi wao walikuwa wanawake."

"Wanawake?" akauliza Zuwena. "Wakiitwa kompyuta?"

"Wakiitwa kompyuta."

Tangu asubuhi ile hakuitwa Zuwena tena. Skuli nzima ilimwita Kompyuta, watoto wadogo wakamwita Da Kompyuta, na jina likafika nyumbani kabla yake. Baba aliuliza, "Hino kompyuta ni mnyama gani hata mwanangu aitwe kwayo?" Zuwena alimweleza, amechuchumaa mbele ya kiti chake, mikono yake ikichora hewani wale wanawake wa mezani na karatasi zao. Sijapata kumuona tena akisema maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo mmoja. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi kasome uwe hiyo." Kwa mtu kama baba, hayo yalikuwa sawa na kumchinjia ng'ombe.

Lakini lipo swali jingine aliloliuliza, nami nalikumbuka zaidi kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Alitaka kujua: wale watu wa zamani bila shaka walikuwa wakikosea, na mwenzao akipitia hesabu zao aliwasahihisha. Je, mashine ikikosea, nani ataisahihisha? Mwalimu Kombo alijibu bila kusita. Mtu huchoka, akasema, mtu husahau, mtu humpendelea mwanawe. Kompyuta haikosei. Aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa, nasi tukaliongeza kwenye yale tuliyoyahifadhi, na Jumamosi zote zilizobaki tulimalizia kwalo kama itikio. Zuwena aliitikia pamoja nasi. Sauti yake ilikuwa juu kuliko zetu.

Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa ndio ungo wa kuchekechea. Aliyefaulu aliendelea na masomo. Aliyeanguka skuli iliishia hapo, akarudi shambani au akaolewa. Zuwena alisoma kwenye banda la kupikia baada ya swala ya alasiri, mgongo wake kwenye magunia ya makumbi ya nazi, moshi ukimtoa machozi na yeye hana habari. Mama alimpunguzia kazi, nami nikamchotea maji zamu zake, nikinung'unika. Mtihani ulipokwisha alirudi nyumbani akanawa uso, akakaa kizingitini, akaniambia kwa utulivu kwamba katika hesabu zote mna moja tu ambayo hana yakini nayo. Baada ya wiki kadhaa tukasikia Mwalimu Kombo ameitwa Wete kusaidia kuchapa matokeo, kwa kuwa walimu wenye kuijua kompyuta walikuwa wachache. Tulijiona wakubwa. Mwalimu wetu, tulisema, anakwenda kuigusa iliyo hai.

Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa afisi asubuhi moja ya manyunyu. Karatasi ilikuwa nyeupe mno, herufi zake zimenyooka kama zilizokatwa kwa wembe. Wasichana walikuwa na orodha yao, majina yamepangwa kwa herufi za mwanzo, kwa hiyo Zuwena Faki alikuwa wa mwisho kabisa, chini ya Zuhura. Zuhura alikuwa na homa siku za mtihani, na mwenyewe alitwambia ameacha kurasa nyeupe. Lakini alikuwa amefaulu, akakaa chini akalia kwa furaha akimshukuru Mungu. Zuwena alipitisha kidole kwenye mstari wake. Hisabati: ishirini na moja. Mengine yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Mbele ya jina lake paliandikwa amefeli. Kwanza alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyefanyiwa mzaha, akatugeukia kututazama nani atacheka naye. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja aliyekuwa akimletea madaftari yake kila siku amkokotolee alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba kufeli ni upele unaoambukiza.

Mwalimu Kombo alikuwa ndani. Zuwena aliingia bila kubisha hodi, nami nyuma yake nimeshika sketi yake. "Mwalimu, hizi si zangu," alisema. Mwalimu hakumtazama. Alikuwa akipanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Alisema, "Nimezichapa mimi mwenyewe, Zuwena, na mashine imezipanga. Unajua mwenyewe tulichosema." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Haikosei." Na Zuwena, aliyekuwa akiitikia neno lile kuliko sisi sote, alifungua mdomo, akaufunga. Niliiona imani yake katika mashine ikipambana na imani yake katika nafsi yake, na nikaona ipi iliyopigwa chini.

Mama hakukubali upesi. Alivaa buibui lake la safari, akatuchukua sote wawili mpaka Wete, akauliza afisi kwa afisi hadi tukafika kwenye dirisha moja. Karani, mtu mpole, alipekua karatasi zake akalipata jina. Mama alimweleza kwamba mwanawe huhesabu mbaazi kwa jicho, kwamba walimu wote wanamjua, kwamba lazima pana kosa. Karani alimsikiliza, kisha akasema, "Mama, ingekuwa mtu ndiye aliyepanga haya, ningekwambia labda ana chuki. Kompyuta haimchukii mtu." Mama alitushika mikono, akatutoa nje. Nyumbani baba alikuwa akingoja, na mama alipokwisha kumwambia, aliinamisha kichwa akasema, "Liandikwalo ndilo liwalo." Alikuwa akizungumzia kalamu ya Mwenyezi Mungu. Sisi watoto tulisikia anazungumzia ile ya Wete.

Kabla mwaka haujageuka Zuwena aliolewa Msuka, kwa mvuvi aliyekuwa na mke mwingine. Hakulazimishwa, na hilo ndilo linaloniumiza, aliulizwa, akajibu, "Kama mnaona inafaa." Kilichoniogofya kilianza kabla ya harusi. Aliacha kuhesabu. Alinisuka kimya, midomo imetulia. Siku ya maulidi mama alimtuma ahesabu sahani za wageni, akanigeukia mimi, mtoto wa darasa la tano, akaniuliza, "Siti, ziko ngapi?" Nilidhani ananitania. Nilimtazama usoni nikaona kwamba kweli hajui, au kwamba amejikataza kujua, na kwamba baina ya mambo hayo mawili hapakuwa tena na tofauti. Watoto waliendelea kumwita Kompyuta kwa muda, kwa kejeli, kisha wakachoka. Madaftari yake nilirithi mimi. Baba alisema kama mkubwa amekosa basi asome mdogo, na kwa madaftari yale nilifaulu kila mtihani niliowekewa. Nilipokuwa nikishindwa kuelewa, nilisoma maelezo yake ya pembeni, yameandikwa kwa penseli kwa herufi ndogondogo, na yote nilielewa.

Leo naishi Wete na kazi yangu ni ya kompyuta, katika afisi ya elimu. Nakaa mezani kutwa nikiingiza kumbukumbu za zamani kwenye mashine, ili karatasi zitupwe na rafu zipate nafasi. Miaka miwili iliyopita lilinijia bunda lililofungwa kwa uzi wa katani, na juu yake jina la skuli yetu. Ndani mlikuwa na karatasi za alama za mwaka ule, zimeandikwa kwa mkono kwa wino wa buluu, na chini yake nakala ya orodha iliyochapwa. Niliziweka sambamba. Sikuwa natafuta kitu. Macho yangu yamezoea kulinganisha, ndiyo kazi yanayolipwa. Alama za msichana mmoja aitwaye Salama zilikuwa zimechapwa mara mbili: kwake, na kwa aliyemfuata. Tangu hapo kila msichana alipewa alama za aliye juu yake. Wengi walikuwa wakikaribiana, aliyestahiki hamsini akapewa arobaini na nane, nani angejua? Zuwena alipewa za Zuhura, zile za kurasa nyeupe. Na zake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa wa mwisho, hazikupata pa kukaa. Katika karatasi ya mkono, kwenye mstari wa mwisho, hisabati yake ilikuwa tisini na saba.

Mwalimu Kombo anakaa si mbali na kwangu. Kisukari kimemla macho, na nilipompelekea karatasi ilinibidi nimsomee, mstari kwa mstari, amekaa kwenye mkeka na mikono yake juu ya magoti. Nilipomaliza aliipapasa karatasi.

"Mstari mmoja ulinibakia," alisema. "Majina yamekwisha, na mkononi nina alama zisizo na mwenyewe. Wenzangu walikuwa wanangoja zamu ya mashine. Nikaangalia kioo, kila jina lina alama zake, hakuna pengo. Nikasema, kompyuta imetimia, karatasi ndiyo yenye walakini."

"Na Zuwena alipoingia afisini?"

"Nilishuku." Alifuta uso kwa kiganja. "Baina ya kushuku na kujua pana hatua moja, mwanangu, na hatua ile sikuipiga. Nilikuwa nimekwambieni haikosei. Nimeiandika ubaoni. Niliona haya."

Sikumtukana. Nilikuja na matusi, nikayarudisha nyumbani kama nilivyoyachukua. Aliniomba nimpelekee Zuwena salamu, kisha akaniomba nisizipeleke.

Msuka nilimkuta dada yangu nyuma ya nyumba, anafungia vipande vya mwani kwenye kamba. Mumewe aliondoka kwenda bara miaka mingi iliyopita, hajarudi wala hajaandika talaka. Watoto wawili amewazika, mmoja anaye. Vidole vyake vimechanjwachanjwa na chumvi. Nilimweleza yote, nikamwekea karatasi mapajani, nikamwonyesha mstari. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilikuwa na leso mkononi. Aliisoma taratibu, akiwa ameisogeza mbali kidogo na macho, kama watu wanavyofanya umri ukianza kuwapita.

"Siti," alisema mwisho, "miaka yote hii nimejifundisha kuwa mjinga. Haikuwa rahisi. Nimejifundisha mpaka nikafaulu. Sasa hii unaniletea niifanye nini?"

Nilisema kitu kuhusu haki, kuhusu kuandika barua, kuhusu elimu ya watu wazima inayofundishwa mjini. Yalitoka kinywani mwangu yakaanguka palepale. Alinisubiri nimalize, kwa adabu, kama mtu anavyomsubiri mgeni. Kisha akaikunja karatasi mara nne akanirudishia. "Usimwambie mama," alisema. "Baba kaenda na lake, Mungu amrehemu. Lakini yule alinipeleka mpaka dirishani, akaambiwa neno, akaliamini. Mwache alale nalo hivyo hivyo." Akainama kuendelea na kamba zake, maana maji yalikuwa yakitoka na wenzake wameshaanza kuteremka pwani. Mama yu hai mpaka leo, na kila nikienda kumsalimia hunambia kwamba akili mimi ndiye niliyezirithi.

Watu huniambia mambo yamebadilika, nami siwakatalii. Umeme umefika Shumba, na binti wa Zuwena ana simu yenye nguvu kuliko ile mashine iliyofunikwa kitambaa. Watoto hawakariri tena kompyuta ni nini. Wanaitumia, na ukiwauliza maana ya neno wanakutazama kwa huruma. Lakini mimi nikipima wakati ule na huu, naona kwamba sisi tuliodhulumiwa zamani tulikuwa na jambo moja ambalo hawa hawana: mahali fulani palikuwa na karatasi ya wino, na mkono wa mtu, na ukweli uliolala ndani ya bunda hata kama hakuna aliyeuamsha. Siku hizi alama huingizwa moja kwa moja, na yale mabunda tuliyokwisha kuyaingiza yamechomwa moto nyuma ya afisi. Wiki iliyopita mwanamke mmoja alikuja na binti yake kuuliza matokeo. Nilitafuta jina, nikalipata, nikamtajia kilichoandikwa. Yalikuwa mabaya. Msichana alinitazama tu. Mama yake aliniambia ahsante, akamshika mkono wakatoka. Sijui kama niliwaambia kweli, na hakuna tena mahali ninapoweza kwenda kuangalia.